Kukaa kijiji cha Wahungaria ndani ya Romania (Harghita): lugha, majina, msitu wa pamoja, jiko la kuni

MsituNaWatu

Wakuu, habari za humu. Nawaomba wanaoijua Transilvania, hasa ule upande wa Székelyföld (eneo la Wahungaria waitwao Waszékely), wanisaidie kabla sijafunga begi. Nitakaa kijiji kimoja cha mkoa wa Harghita, Romania, upande wa mji wa Odorheiu Secuiesc, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Januari. Kazi ni utafiti wa msitu unaomilikiwa na wanakijiji kwa pamoja. Kaya hazifiki mia tatu na karibu wote ni Wahungaria. Kiromania changu ni cha kuombea maji, Kihungaria sina.

Ninachotaka kujua: (a) lugha gani nitumie wapi, na watu huitwaje kwa heshima, maana kwenye nyaraka nilizotumiwa mtu mmoja ana majina mawili, (b) huo msitu unaendeshwaje, nani mwanachama, na karatasi zake zinasomwaje, (c) nyumba niliyopewa inapashwa joto kwa jiko la vigae la kuni, linawashwaje, (d) dubu, ni kweli au hadithi za watalii? La ziada lolote kuhusu maisha ya watu wa huko nitalipokea.

---

Kalamu_ya_Kolozsvár

Mkuu, kwanza kabisa: hao si wahamiaji. Usimuulize mtu wazee wake walihamia Romania lini. Hawakuhama, mpaka ndio uliohama. Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliikabidhi Romania Transilvania yote. Mwaka 1940 sehemu ya kaskazini, Székelyföld ikiwemo, ikarudi Hungaria, na 1944 ikaondoka tena. Mzee aliyezaliwa 1938 amebadilishiwa nchi mara mbili bila kutoka uani kwake. Sensa ya 2021 ilihesabu Wahungaria takriban milioni moja Romania nzima, na Harghita ndiko walikojaa zaidi, karibu wanne katika kila wakazi watano. Wenyewe watakwambia ni Waszékely, na ni Wahungaria pia. Hayo mawili hayagombani.

Lugha imegawanyika hivi. Nyumbani, dukani, kanisani, baa na kwenye mikutano ya kijiji ni Kihungaria. Ofisi ya kata utahudumiwa kwa Kihungaria pia, kwa sababu sheria inaruhusu lugha ya wachache pale wanapofikia asilimia 20 ya wakazi (ilianza na Sheria 215 ya 2001, sasa imo kwenye Kanuni ya Utawala ya 2019). Ila karatasi yenye mhuri itatoka kwa Kiromania. Polisi, mahakama na barua zote za serikali ni Kiromania. Bibi wa miaka 80 akikujibu Kiromania kwa kusitasita, usichukulie kuwa kakukasirikia. Kasoma shule ya Kihungaria, kaishi palepale, na hicho Kiromania anakitumia kwa nadra. Vijana wanakijua zaidi: mwisho wa darasa la nane wanafanya mtihani wa Kiromania, wa Kihungaria na wa hisabati. Mwenzao Mromania anafanya miwili tu.

Kusoma maandishi yao si kazi ngumu ukishajua herufi chache. *S* ni sh ya shamba, *sz* ndiyo s ya kawaida, *cs* ni ch ya chai, *ny* ni ileile ya nyama, na *gy* iko karibu na j ya watu wa pwani. Mkwaju juu ya irabu (kama á, é) ni wa urefu, si wa mkazo. Mkazo uko silabi ya kwanza siku zote, na hapo ndipo sisi Waswahili tunapoteleza, kwa sababu ulimi wetu unataka kuupeleka silabi ya pili kutoka mwisho. Useme KÖszönöm.

Majina: la ukoo linatangulia. Kovács István ni István wa ukoo wa Kovács, na Kovács Istvánné ni mke wake, jina lake mwenyewe likiwa limefichwa humo. Karatasi zako zenye majina mawili zinaeleweka hivi: kwenye nyaraka za serikali za zamani István aliandikwa Ștefan, János akawa Ioan, György akawa Gheorghe, Erzsébet akawa Elisabeta. Rejista ya kanisa itakuwa na lile la Kihungaria. Ukipanga data yako fungua safu mbili za majina tangu siku ya kwanza, na ya tatu kwa jina la utani, kwa sababu kijijini koo ni chache na akina István wapo kumi. Watu wenyewe hutofautishana kwa jina la utani la familia, ambalo halimo kwenye karatasi yoyote.

Mtu mzima aliyekuzidi umri humwiti jina tupu. Mwanamume ni *bácsi*, mwanamke ni *néni*, na hutanguliwa na jina la kwanza, tena mara nyingi lile fupi: Pista bácsi (István), Sanyi bácsi (Sándor), Erzsi néni (Erzsébet). Ukisema Kovács bácsi umekuwa mgeni wa ofisini. Angalizo: mwanamke wa miaka 45 huenda asifurahie kuitwa néni na mtu wa miaka 35. Sikiliza jirani anamwitaje.

Salamu inategemea kanisa, na hili wageni wengi hawalijui. *Jó napot kívánok* haikosei popote. Lakini kijiji cha Wakatoliki utasikia *Dicsértessék a Jézus Krisztus*, na jibu ni *Mindörökké, ámen*. Kwa Wareformati (Waprotestanti wa Kikalvini) ni *Áldás, békesség*. Kwa Waunitari (Wakristo wasioukubali Utatu) ni *Isten áldja*. Upande wa Odorheiu vijiji vya madhehebu yote matatu vimekaribiana, hasa ukishuka bonde la Homoród, kwa hiyo tazama kwanza kanisa. Uunitari ulizaliwa Transilvania hukohuko: bunge la Torda mwaka 1568 liliruhusu kila jumuiya ichague mhubiri wake, na Ferenc Dávid akawa askofu wa kwanza wa kanisa hilo. Wanalijua na wanalionea fahari, kwa hiyo usiwaite Wakalvini kwa jumla.

Na saa! *Fél kilenc* si tisa na nusu, ni nusu ya kuelekea tisa, yaani 8:30 kwenye saa ya ukutani. *Negyed kilenc* ni 8:15 na *háromnegyed kilenc* ni 8:45. Ukiambiwa kwa mdomo muda wa mkutano, omba uandikwe kwa tarakimu. Tena uliza ni saa ya Romania, kwa kuwa Hungaria iko nyuma kwa saa moja na baadhi ya ratiba za televisheni na mabasi ya Budapest huandikwa kwa saa ya kule.

---

Mpimaji1600

Najibu (b).

Shirika lenyewe kwa Kihungaria ni *közbirtokosság*, kwa Kiromania *composesorat*. Tafuta kwa majina yote mawili. Si ushirika wa hiari wa watu kujiunga na kutoka, wala si mali ya serikali ya kata. Ni umiliki usiogawanywa: msitu na malisho ni vya wenye hisa wote, kila mmoja ana sehemu yake kwenye hesabu, lakini hakuna anayeweza kusimama penye mti akasema huu wangu. Hisa ziliwekwa mwishoni mwa karne ya 19, kwenye zoezi lililoitwa *arányosítás*, kwa uwiano wa ardhi ambayo kila nyumba ilikuwa nayo wakati huo. Ndiyo maana hadi leo familia moja ina hisa nyingi na jirani yake ana kiduchu, hata kama nyumba zao zinafanana.

Serikali ya kikomunisti ilitaifisha misitu yote mwaka 1948. Baada ya 1989 marejesho yalikuja kwa awamu. Sheria 18 ya 1991 ilimrudishia mtu binafsi kipande kidogo tu cha msitu. Sheria 1 ya 2000 ndiyo iliyofufua haya mashirika, na Sheria 247 ya 2005 ikapanua. Kifungu kitakachokusaidia kuelewa tabia ya watu kiko kwenye ile ya 2000: mwanachama haruhusiwi kumuuzia hisa mtu wa nje ya shirika. Kwa hiyo mgeni anayenunua nyumba kijijini hapati kuni za shirika hata akiishi hapo miaka 20, na mtoto wa kijiji anayeishi Budapest anaendelea kuwa mwanachama. Ukichora ramani ya wanachama kwa kuhesabu kaya zilizopo utapotoka. Hesabu warithi.

Huko kwa warithi ndiko kwenye vurugu. Hisa iliyoandikwa jina la babu aliyefariki inagawanyika kwa watoto, kisha wajukuu. Wasiposhughulikia mirathi kwa mthibitishaji, jina la marehemu linabaki kwenye daftari, malipo yanazuiwa, na kwenye mkutano mkuu hakuna wa kuipigia kura hisa hiyo. Akidi ikikosekana mkutano unaitishwa tena. Mikutano mingi hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo waombe tarehe mapema, unaweza kuukuta kabla ya kuondoka au ukaukosa kwa wiki mbili.

Kuhusu kusoma karatasi. Utaanza na daftari la ardhi, *telekkönyv* (kwa Kiromania *carte funciară*), mfumo uliobaki tangu enzi za Austria. Kurasa za zamani ni za Kihungaria au Kijerumani, mpya ni za Kiromania, na nambari ya kiwanja ya zamani hailingani na ile ya mfumo mpya wa kidijiti. Usizichanganye kwenye safu moja. Kipimo cha zamani ni *kataszteri hold*: hold 1 ni négyszögöl 1,600, sawa na mita za mraba 5,755, yaani hekta 0.5755. Mtu akisema "hold" kwa mazungumzo ya kawaida huenda anakisia tu, lakini ikiwa kwenye karatasi chukua 0.5755. Kosa la kawaida ni kuigeuza hold kuwa nusu hekta kamili. Kwenye hold 1,000 umeshapoteza hekta 75.

Uendeshaji: kuna mwenyekiti, baraza, na wakaguzi, wote wa kuchaguliwa. Hawakati mti wapendavyo. Lazima kuwe na mpango wa usimamizi wa miaka 10 na mkataba na ofisi ya misitu (*ocol silvic*, ya serikali au binafsi). Bwana misitu anagonga mhuri wa nyundo kwenye mti unaoruhusiwa kukatwa, na lori halitoki msituni bila hati ya usafirishaji iliyosajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa SUMAL. Sehemu kubwa ya mbao huuzwa kwa mnada. Mapato yanagawanywa kwa hisa, kwa pesa au kwa kuni, na baki huenda kwenye barabara za msitu, paa la shule, kanisa, zimamoto wa kujitolea. Hapo ndipo ugomvi wa kijiji ulipo, kama unatafuta mada: wenye hisa walio mbali wanataka pesa, wanaoishi kijijini wanataka barabara.

Uliza pia kuhusu Novemba 1995. Upepo uliangusha misitu mikubwa ya misonobari Harghita na Covasna, na maeneo mengi yenye miti ya rika moja unayoyaona leo yalipandwa baada ya hapo. Wakati huo ardhi ilikuwa ya serikali, wakati wa kurejeshewa ikawa ya shirika, na gharama ya kuyahudumia mashamba hayo ya miti ikahamia kwa wanakijiji.

---

jiko_la_bibi

Jiko la vigae (*csempekályha*) halifanyi kazi kama jiko la kawaida. Ni tofali na vigae vyenye njia ndefu za moshi ndani. Kazi ya moto ni kuupasha joto ule mwili wa jiko, halafu mwili ndio unaopasha chumba kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Kwa hiyo huweki gogo moja moja siku nzima. Unawasha moto mkali mara moja asubuhi na mara moja jioni, unauacha uishe.

Hatua: safisha majivu ya sanduku la chini, acha kidogo tu. Fungua kizibo cha bomba la moshi chote. Panga vijiti vikavu vya msonobari juu ya magogo mawili matatu yaliyopasuliwa, washa kutoka juu. Mlango wa majivu uwe wazi hadi moto ushike, kisha upunguze. Kilo 6 hadi 8 za kuni kwa moto mmoja zinatosha jiko la chumba cha kawaida. Likiwa limekaa baridi miezi, siku tatu za kwanza tumia nusu ya hapo, vinginevyo unyevu uliomo kwenye udongo unachemka na viungo vya vigae vinapasuka.

Sasa hapa makini. Kizibo kinafungwa ili joto lisitoroke, LAKINI baada ya mwali wote kuisha, ulimi wa bluu ukiwemo, na makaa kuzima kabisa. Ule ulimi wa bluu ni monoksidi ya kaboni inayoungua. Ukifunga wakati bado upo, gesi inarudi chumbani, haina harufu, na watu wanafia usingizini. Nunua kengele ya CO (ndiyo gesi hiyo), iweke chumba unacholala. Usiku wa kwanza kizibo kiache nusu wazi, hasara ni kuni kidogo tu.

Kuni: *bükk* ni mti mgumu, unatoa makaa ya kudumu, na ndio wa jioni. *Fenyő*, yaani msonobari, unawaka haraka, unarusha cheche na kuacha masizi, huo ni wa kuwashia. Bükk iliyopasuliwa inahitaji miaka miwili chini ya paa. Ukiletewa mwezi Oktoba "kuni kavu" zilizokatwa majira ya kuchipua, si kavu. Gonga vipande viwili: kikavu kinalia, kibichi kinatoa sauti ya bubu. Kuni mbichi zinatia lami kwenye bomba, na lami ndiyo inayowaka Januari na kuunguza paa. Fagia bomba kabla ya kuanza msimu.

Ukinunua, uliza ni mita ya ujazo ya aina gani. Mita ya ujazo ya mti mzima si sawa na ya kuni zilizopangwa, kwa sababu kwenye zilizopangwa kuna hewa katikati. Iliyopangwa ina mti halisi kama asilimia 60 hadi 70. Bei ikionekana ya kutupa, shida iko hapo. Lipa kwa lei, pesa ya Romania. Forint ya Hungaria huko ni karatasi ya ukumbusho.

---

Máréfalva_si_mjini

Nyongeza fupi ila itakuokoa. Ramani ya simu inataka jina la Kiromania, na majina ya Kiromania yanajirudia. Karibu kabisa na unakokwenda kuna kijiji cha Máréfalva, ambacho kwa Kiromania ni *Satu Mare*, kata ya Brădești. Ukiandika Satu Mare tupu, simu itakupeleka mji wa Satu Mare, kaskazini-magharibi kabisa, jirani na mpaka wa Hungaria. Hata mizigo huenda kule. Andika siku zote kijiji, kata, na "județul Harghita", pamoja na nambari ya posta ya tarakimu sita inayoanza na 53. Barabara nyingi za vijijini hazina majina, nyumba ina nambari tu, na nambari hazifuatani vizuri pale nyumba mpya zilipojengwa katikati.

Máréfalva uende, kwa sababu ndiko kulikobaki malango mengi ya Kiszékely. *Székelykapu* ni lango refu la nguzo tatu za mwaloni: upande mmoja mlango mkubwa wa kupitisha mkokoteni uliosheheni majani makavu, upande mwingine mlango mdogo wa watu, na juu yake paa refu lenye matundu ya njiwa. Boriti ya juu imechongwa mwaka na jina la aliyejenga pamoja na mkewe, mara nyingi likianza kwa "kwa msaada wa Mungu". Soma huo mwaka, ni data. Angalia na miguu ya nguzo: mti huoza pale unapotoka ardhini, penye hewa na unyevu kwa pamoja, kwa hiyo mafundi hukata sehemu iliyooza na kuisimamisha nguzo juu ya kiatu cha chuma na zege. Lango lenye zege chini si lazima liwe jipya, huenda lina miaka mia.

---

MsituNaWatu

Nashukuru sana, hasa ile ya warithi, imenibadilishia dodoso lote. Bado (d) haijaguswa. Na je, nikienda kumhoji mtu nyumbani nichukue nini, na siku gani nisisumbue watu?

---

mwana_wa_Hargita

Dubu ni kweli, mkuu. Harghita ni mojawapo ya mikoa yenye dubu wengi zaidi Romania. Septemba na Oktoba wanashuka vijijini kwa ajili ya mahindi na tufaha, wanajinenepesha kabla ya baridi. Simu yako itapiga king'ora cha RO-Alert, mfumo wa serikali wa kutuma maonyo kwa simu: ni onyo la dubu kuonekana eneo hilo, lipo kwa Kiromania, jifunze neno *urs*. Ukipata ujumbe kaa ndani, na dubu akiwa uani piga simu 112.

Yanayomleta dubu ni matunda yaliyooza chini ya mti, pipa la taka bila kifuniko, na chakula cha mbwa nje usiku. Msituni ongea kwa sauti, usitembee alfajiri wala magharibi. Ukimwona kwa mbali rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo, usikimbie. Ukiona watoto wake, mama yuko karibu hata kama humwoni.

Kwa mtafiti wa msitu, mimi ningeogopa mbwa wa wachungaji kuliko dubu. Utakutana nao kila wiki. Usipite katikati ya kondoo. Simama mbali, mwite mchungaji, subiri awaite. Wakikuzunguka usikimbie wala usiwakazie macho. Inama kama unayeokota jiwe, wengi wanaijua ishara hiyo.

---

Kalamu_ya_Kolozsvár

Kwenda kwa mtu: kahawa ya pakiti au chokoleti inatosha, maua kwa mama mwenye nyumba ukitaka, idadi iwe witiri. Vua viatu mlangoni hata wakikuambia uviache. Utapewa *pálinka*, pombe ya matunda ya nyumbani inayozunguka asilimia 50. Glasi ya kwanza kuikataa bila sababu kunavunja moyo, ila "ninaendesha" inakubalika mara moja, kwa sababu sheria ya Romania kwa dereva ni sifuri kabisa. Usichukue glasi ya tatu kabla ya kurekodi mahojiano.

Chakula cha mezani kitakuwa cha kushibisha: kabichi iliyofungiwa nyama (*töltött káposzta*), *puliszka* ambayo ni ugali wa mahindi ya njano uliopangwa tabaka na jibini la kondoo, na mkate wa viazi. Kiazi huko kinaitwa *pityóka*. Ukisema *burgonya* la vitabuni wataelewa na kutabasamu.

---

jiko_la_bibi

Huo mkate usikuache, maana jiko la nyumba nyingi lina oveni. Unga wa ngano kilo 1, viazi gramu 300 baada ya kumenya, chumvi gramu 20, hamira kavu gramu 7, maji ya uvuguvugu kama mililita 500. Viazi vichemshe na maganda yake. Vikimenywa na kukatwa kabla vinanyonya maji, donge linanata, unaongeza unga, mkate unatoka mkavu. Ponda vikiwa moto hadi pasiwe na uvimbe, kisha viache vipoe hadi mkono uvumilie, kwani viazi vya moto vinaua hamira. Kanda dakika 15, umua saa moja na nusu, tengeneza mkate mmoja mkubwa wa duara, umua tena dakika 40. Oveni nyuzi 240 kwa dakika 15, kisha 200 kwa dakika 45.

Kwenye tanuri la kuni wanauoka kwa moto mkali hadi ganda la nje linakuwa jeusi tii, halafu wanalipiga na kulikwangua likiwa bado la moto, linabaki ganda la dhahabu chini yake. Mgeni akiuona hudhani umeungua. Ndivyo unavyotakiwa: kile cheusi kinaufunika mkate mkubwa wakati ndani panaiva polepole. Usiukate moto, katikati patakuwa kama gundi. Subiri kwa muda wa saa tatu.

---

Mpimaji1600

Tarehe, kwa kuwa ofisi na kijiji hazifuati kalenda moja. Ofisi za serikali zimefungwa 30 Novemba, 1 Desemba, 25 na 26 Desemba, 1 na 2 Januari, 6 na 7 Januari (hizi mbili tangu 2024), na 24 Januari. Kwa hiyo usipange kazi ya daftari la ardhi kati ya Krismasi na tarehe 8. Tarehe 1 Desemba ni sikukuu ya taifa, ya kukumbuka 1918 Transilvania ilipotangaza kujiunga na Romania. Kijijini hutaona shamrashamra, na si siku ya kumuuliza mtu maoni yake.

Tarehe 1 Novemba si sikukuu ya serikali, ofisi ziko wazi, lakini jioni watu wa vijiji vya Kikatoliki wako makaburini kuwasha mishumaa, na watoto waliohamia mjini hurudi. Ni nafasi yako ya kuonana na warithi ambao hawapatikani mwaka mzima. Usiende na dodoso makaburini. Omba namba ya simu, uwaone kesho yake.

Desemba ni mwezi wa kuchinja nguruwe. Kazi inaanza gizani na kuisha usiku, kwa hiyo nyumba yenye moshi uani asubuhi iache, labda uende kushika kamba. Halafu kuna siku za majina (kila jina lina tarehe yake kwenye kalenda), ambazo huko zina uzito kuliko siku ya kuzaliwa kwa watu wazima: Erzsébet 19 Novemba, Katalin 25 Novemba, András 30 Novemba, Miklós 6 Desemba, István 26 Desemba, János 27 Desemba. Hizo mbili za mwisho mlango wa kila István na kila János uko wazi na watu huingia bila mwaliko. Kama mwenyekiti wako wa msitu anaitwa István, nenda tarehe 26 baada ya ibada, na chupa mkononi, na baraza zima utalikuta sebuleni kwake.